Neno la Siri la Marehemu

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililiacha katikati. Nasema mapema ili mtu asidhani naongopa nikimwambia kwamba siku moja nilisafisha kumbukumbu za kompyuta mbili, kwa kidole kimoja, na hakuna aliyenishika mkono.

Mume wa mjukuu wangu alikufa kwa pikipiki, barabara ya Msata, akirudi kumwona mama yake Lugoba. Tukazika, watu wakala, wakaondoka. Mjukuu wangu akaingia eda: miezi minne na siku kumi, chumba cha ndani, kitanda na mkeka. Hakulia. Mimi pia sikulia. Nilipika, nikafua, nikaswali, kama mtu aliyeajiriwa nyumba ya watu.

Mama mkwe wake alishuka kutoka Lugoba kuja kumsimamia eda. Simu ya mjukuu wangu akaichukua siku ya kwanza, akakaa nayo yeye, maana mjane haongei na wanaume. Sikubisha. Mimi mwenyewe nimekaa eda mara mbili na sikuwahi kuvuka kizingiti.

Chumba cha mbele kilikuwa steshenari yao, na mlango wake unatazama barabara. Tulikuwa tumeifunga. Mle ndani mna kompyuta mbili: nyeusi ya mjukuu wangu, na ya kijivu ya marehemu, kuukuu, aliyoiwekea mfumo mwingine wa bure akisema ule wa kawaida umeilemea.

Kabla ya msiba mjukuu wangu alikuwa ameomba chuo, na jina lake lilikuwa limetoka. Kilichobaki ni kuthibitisha kwenye mtandao, mwisho Alhamisi saa kumi jioni. Asipothibitisha, nafasi anapewa mwingine. Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyefika chuo. Sitaki kusema zaidi, lakini nilikuwa nimeshawaambia mtaa mzima.

Jumatano nikafungua ukurasa wa chuo kama mjukuu wangu alivyonifundisha, kwenye nyeusi, kisha kwenye ya kijivu. Zote zikatoa maneno yale yale: mfumo haupo. Sikuzima mashine. Alhamisi asubuhi, vilevile. Nikapiga namba ya chuo kwa kisimu changu cha kitochi. Kijana wa huko akasema, "Shikamoo mama. Tumehama seva. Mashine zenu bado zinakumbuka anwani ya zamani. Futeni DNS."

Nikaenda kwenye pazia la chumba cha ndani, nikamweleza mjukuu wangu. Alikuwa amelala, uso ukutani.

"Ni kijidaftari, bibi," akasema bila kugeuka. "Kompyuta inaandika mle mahali ilipowahi kwenda, ili isiulize tena. Wao wamehama, yenyewe inakupeleka kwenye nyumba tupu. Ukifuta, itauliza upya."

Nikaelewa mara moja. Muuza samaki wa Mlingotini alibisha hodi nyumba yetu ya zamani mwaka mzima baada ya sisi kuhama.

"Basi toka ufute. Nitafunga mlango wa nje."

Mama mkwe akainua kichwa. "Hatoki. Chumba chenye mlango wa barabarani si nyumba, ni njia."

"Mkwe, ni dakika kumi."

"Hata moja. Mwanangu hajaoza, mkewe akae dukani?"

Nikamtazama mjukuu wangu anisaidie kubisha. Alikuwa anatazama ukuta. Nikasema haya, basi ataniambia kutoka humo humo na mimi nitaandika. Mkwe akacheka, kicheko cha kwanza nyumbani mle tangu maziko.

"Wewe? Na darasa lako la nne?"

"Lugoba walifika la ngapi?"

Nikakaa mbele ya ile nyeusi. Mjukuu wangu akanitajia herufi moja moja kupitia pazia: bonyeza hapa, andika c, m, d, kidirisha cheusi kitafunguka. Kisha ipconfig, acha nafasi, mkwaju, yaani kile kistari kilicholala upande, kisha flushdns. Nilitafuta kila herufi kama natafuta sindano kwenye mchanga. Mkwaju nilibonyeza uliolalia upande mwingine, ikakataa, nikaandika upya. Yakatokea maneno ya Kizungu. Nikamsomea herufi kwa herufi.

"Imekubali," akasema.

Nikafungua ukurasa. Mfumo haupo.

"Kivinjari nacho kina kijidaftari chake, bibi. Kila kimoja na chake. Andika pale juu pa anwani." Akanitajia tena. Kikaja kitufe, nikabonyeza. Nikafunga kivinjari, nikafungua. Ukurasa wa chuo ukaja, una rangi ya bluu, na jina lake juu. Nilitegemea moyo ungeruka. Haukuruka. Nikamwambia tu, "Umekuja."

Ukadai cheti cha kidato cha sita. Cheti kilikuwa kwenye ile ya kijivu, marehemu ndiye aliyekipiga picha akakihifadhi mle. Adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa. Nikaswali, nikahamia kiti cha pili.

Ile ya kijivu haifutwi kama nyeusi. Kivinjari chake mjukuu wangu aliniambia nikifunge tu na kukifungua, maana hicho hakiweki daftari kikishafungwa. Lakini mashine yenyewe ilitaka amri nyingine, ndefu, na baada ya amri ikataka neno la siri la mwenye mashine.

Nikauliza neno ni lipi. Nikadhani amesinzia.

"Mke mwenzangu?" nikamwita, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu.

"Pweza wa nazi," akasema. "Maneno yaunge. Herufi ndogo zote."

Nikasikia mkeka ukilia. Mama mkwe alikuwa ameinuka. "Pweza? Mwanangu hali pweza. Tangu mdogo, akiona mikono ile anatapika."

"Kwangu alikula," nikasema. "Kila Alhamisi. Alikuwa anakomba sufuria kwa kidole."

Mkeka ukalia tena, akakaa.

"Ukiandika hutaona kitu, bibi," mjukuu wangu akasema. "Hata nukta. Usishtuke. Andika tu mpaka mwisho, ubonyeze."

Nikaandika. Kioo hakikuonyesha chochote. Niliandika jina la mchuzi wangu herufi moja baada ya nyingine na pale mbele palibaki patupu, kama sikugusa kitu. Nikafika kwenye i ya mwisho, nikabonyeza. Mashine haikusema neno. Nikamwambia haijasema kitu.

"Ikinyamaza ndiyo imekubali."

Nikafunga kivinjari, nikafungua. Ukurasa ukaja. Cheti nikakipata pale alipoelekeza, nikakipandisha, nikabonyeza thibitisha. Ilikuwa saa tisa na nusu. Likatokea neno moja la kijani: umethibitishwa. Chuo kinafunguliwa wiki mbili baada ya eda kwisha. Nilikuwa nimeshahesabu mapema.

Nikaenda kwenye pazia, nikalifunua. "Umethibitishwa."

"Ahsante, bibi." Akavuta kanga mpaka masikioni. Basi. Nilikuwa nimejiandaa kupiga kigelegele, nimekibeba siku nyingi. Nikakirudisha.

"Nizime mashine?"

"Nyeusi zima. Ya kijivu iache."

Nikaenda uani kuchambua mchele. Baada ya muda mama mkwe akaja, akavuta kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akakikalia karibu yangu. Alikuwa hajawahi kutoka chumba kile ila kwenda chooni. Akatazama mchele.

"Pweza anapikwaje?" akauliza.

Nikamwambia. Kwanza unampiga, unampiga sana, mpaka alainike. Kisha unamchemsha kwa maji yake mwenyewe. Tui zito linaingia mwisho.

"Unampiga kwa nini?"

"Kwa mchi."

Akatikisa kichwa. Akachukua konzi ya mchele kwenye ungo wangu, akaanza kutoa mawe. Hakuna aliyelia. Muuza samaki alipobisha hodi, kwa kuwa ilikuwa Alhamisi, yeye ndiye aliyeinuka kwenda kufungua.