Kabla ya Kuapishwa

Mwanangu, kuna siku pale kijijini Nyarero mimi mama yako nilisema uongo ambao kwa miaka mingi nimeukana. Nimekuwa nikidai kwamba watu walinielewa vibaya. Hawakunielewa vibaya. Nilisema kwa sauti, mbele ya ukoo mzima, kwamba mimi ni wakili.

Nilikuwa na shahada ya sheria tu. Picha yangu nikiwa na joho la mahafali ilitundikwa ukutani kwa shangazi Bhoke, na kwetu joho jeusi ni joho jeusi. Nani angejua kuwa la chuo si la mahakamani? Wakaanza kuniita wakili. Wakanichinjia jogoo, nami nikamla.

Shangazi hakujaliwa mtoto. Kwa mila yetu Wakurya, inayomruhusu mwanamke kuoa, akaoa binti wa kumzalia, na watoto watatu wa binti huyo ndio waliokuwa warithi wa nyumba yake. Mumewe alipofariki, shemeji yake akalidai shamba, akisema watoto wale si wa ukoo. Baraza la ardhi la wilaya likampa ushindi. Siku hiyo ya hukumu shemeji huyo alinikuta kijijini, ukoo umekusanyika, nikishuka kwenye bodaboda.

"Ndiye huyu wakili wenu? Wakili gani anapakiwa kwenye pikipiki?"

"Mimi ni wakili," nikamjibu. "Tutaonana Mahakama Kuu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi akanivuta pembeni.

"Kuna wakili pale Tarime mjini, mtu mzima. Nimfuate, au nikusubiri wewe?"

"Nisubiri, shangazi. Nimebakiza kidogo tu."

Muda wa kukata rufaa ulikuwa siku arobaini na tano.

Na hicho nilichokiita kidogo ndicho unachoniulizia leo. Chuo kikuu ni miaka mitatu au minne. Unafuata mwaka wa mafunzo ya uwakili kwa vitendo, wenye mitihani ambayo wengi huirudia. Mimi niliirudia mara mbili, nyumbani nikiwaambia nimebanwa na kesi. Ukishafaulu unaomba kusajiliwa, unangoja kuapishwa. Jumla ilinichukua miaka minane, na katika miaka yote hiyo nilishindwa kutamka neno moja: bado.

Basi wewe litamke. Ukiitwa wakili kabla ya kuapishwa, sema bado. Mwenye shida akitaka kukusubiri, mpeleke kwa aliyekwisha kufika, hata kama utaonekana mdogo mbele ya wakwe na mashemeji. Mungu akupe moyo wa kuchelewa bila kuona aibu, na akufikishe salama.

Mimi siku zile zilinipita. Shangazi akapanda basi peke yake hadi Musoma, kuiomba Mahakama Kuu imwongezee muda. Jioni aliporudi nyumbani akanipigia simu.

"Wamekataa," alisema. "Jaji aliuliza kwa nini nilichelewa. Nikasema nilikuwa na wakili wangu, nikamngoja. Akataka jina lake."

"Ukamwambia nini, shangazi?"

"Asubuhi karani alikutafuta kwenye orodha ya mawakili, hukuwemo. Akasema anayejiita wakili wakati siye hushtakiwa." Nilisikia watoto wakiongea nyuma yake. "Kwa hiyo nikamwambia jaji jina limenitoka. Shamba limekwenda, mama. Wewe soma, umalize."