Mikebe Mitatu ya Dawa

Harufu ya dawa ya kahawa hukaa kooni. Ni kali, ina ladha ya sarafu iliyowekwa ulimini, na miaka ile kwetu Othaya, wakati wa mvua ndefu, iliteremka bondeni kutoka shamba hadi shamba mpaka hata chai ya asubuhi tukainywa nayo. Dawa yenyewe ilikuwa unga wa samawati, wa kuzuia ule ugonjwa unaoozesha kahawa ikiwa bado mbichi mtini. Hakuna aliyeipima kwa gramu. Kwetu dawa ilipimwa kwa pipa: mikebe mitano kwa pipa moja la maji, basi. Afisa wa kilimo aliwaambia wazee hivyo zamani, akaenda zake, na ile mikebe mitano ikashikwa kama amri ya kanisani.

Mwaka ninaoukumbuka, pipa letu la chuma lilitobolewa na kutu, baba akanunua la plastiki, pana lakini fupi. Dada yangu Wangechi alikuwa kidato cha pili. Mimi, mdogo wake wa kike, nilikuwa bado shule ya msingi, na machoni pangu hapakuwa na mtu aliyemzidi akili. Aliipenda aljebra jinsi wasichana wengine walivyopenda nyimbo. Alisonga ugali huku akinieleza kwamba x si ya kuogopwa, ni kitu usichokijua ambacho kimekubali kutafutwa. Sisi wawili ndio tuliochota maji ya kujaza pipa. Lile la zamani lilimeza ndoo kumi. Hili lilijaa kwa ndoo sita, na ya saba ikamwagika yote miguuni petu. Wangechi akaokota kijiti, akaandika kidogo kwenye udongo, kisha akamwendea baba.

"Baba, hii dawa itakuwa kali sana. Kwa hili pipa ni mikebe mitatu."

"Nani amesema?"

"Nimetafuta x."

Baba hakuwa mtu mkali. Msimu uliotangulia ugonjwa ulikuwa umetuachia kahawa ya kujaza kiganja tu, na alikuwa na hofu ambayo sisi watoto hatukuielewa. Alicheka kidogo, akafungua mfuko wa dawa. "Na hiyo x iko na shamba wapi? Pipa ni pipa, binti yangu. Wewe soma, mimi wacha ninyunyize." Wangechi alitaka kuongeza neno, lakini mama alimkata jicho, naye akayafuta maandishi yake kwa mguu. Baba akamimina mikebe yote mitano.

Majani yalianza kubabuka pembeni, kama nguo iliyopitiwa na pasi ya moto. Kisha yakapukutika, na kahawa changa ikafuata, tukawa tunaikanyaga tukipita. Majirani walikuja wakasimama kwenye ua wakitupa pole za msiba. Baba alisema ameuziwa dawa bandia, na hakuna aliyembishia, hata Wangechi. Kahawa ile ndiyo iliyokuwa karo yake. Muhula uliofuata hakurudi shuleni. Sanduku lake la bati lilisukumwa chini ya kitanda, baadaye likatiwa mahindi, naye akatafutiwa kazi kwenye duka la mchele huko Wang'uru. Ni ya muda tu, baba alituambia. Nina hasira hadi leo na sijui niielekeze wapi, kwa sababu baba naye nilimsikia akilia nyuma ya zizi.

Siku hizi nafundisha hesabu mjini Nyeri. Kila mwaka yuko mwanafunzi anayeniuliza aljebra itamsaidia nini, naye ana simu inayoipiga picha x na kumpa jibu kabla sijamaliza kuiandika ubaoni. Namtajia mjenzi, muuguzi, mkulima. Ninayomwambia ni ya kweli, na sina moyo wa kuendelea zaidi ya hapo. Aljebra ilifanya kazi yake yote pale uani kwetu, na mapema, kabla mfuko haujafunguliwa, na haikumwokoa hata aliyeikokotoa. Nikienda nyumbani bado nasikia watu wakiulizana ni mikebe mingapi kwa pipa, na hakuna anayeuliza ni pipa gani.

Likizo iliyopita nilimtembelea Wangechi Wang'uru. Bado yuko dukani, duka bado ni la mtu mwingine. Binti yake wa sekondari alikuwa ameketi juu ya gunia akifanya kazi ya shule, akamnyooshea mama yake karatasi. "Mami, hapa x unaipata aje?" Wangechi aliacha mchele kwenye mizani. Akaitazama ile karatasi, na nikaona midomo yake ikisogea polepole, kisha ikatulia. Alikuwa ameipata. Niliujua uso ule.

"Uliza anti yako," alisema, akamrudishia. "Mimi hiyo sikusoma."