Firigisi ya Aliyetoka Mbali

Pakiti ya karanga ilipasuliwa kwenye kiti cha mbele yangu, na harufu yake ikanifikisha Mkuyuni, kijijini kwa Bibi, kabla ndege haijatufikisha popote. Tulikuwa tumetoka Dodoma kuelekea Dar es Salaam. Rubani alitutangazia kilomita zisizofika mia nne, mwendo wa saa moja hivi. Chini yetu mawingu yalikuwa yameukalia Uluguru kama kuku anayeatamia.

Hesabu hiyo, msomaji wangu, niliijua tangu utotoni, na niliichukia. Aliyenifundisha ni Zuhura, binti wa mama mdogo, aliyeletwa likizo kwa Bibi akiwa na kadi ya plastiki shingoni, ile wanayovikwa watoto wanaosafirishwa peke yao kwa ndege. Baba yake aliishi Dodoma, mama yake Dar es Salaam, na yeye alikuwa wa kwenda na kurudi.

"Nyie tuliwapita juu kwa juu," alinitambia. "Karanga nilizifungua hapo milimani kwenu, sijazimaliza, tumeshatua!"

Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya Morogoro Mjini, na masika basi lilipokwama njiani, Kiroka, tulishuka tukasukuma. Ile kadi niliitamani kuliko nguo ya Idi, naye hakuivua: alikula nayo, akalala nayo.

"Ivue basi! Nani hapa hajajua kwamba umepanda ndege?"

"Nikiipoteza hawatajua wanipeleke kwa nani."

Nikayaona hayo kuwa maringo matupu.

Kisha Bibi akachinja kuku. Firigisi, katika nyumba ile, ilikuwa yangu tangu nilipoota meno. Siku hiyo niliutazama upawa ukiipita sahani yangu na kutua kwa Zuhura.

"Bibi! Firigisi yangu!"

"Mwenzio ametoka mbali."

"Mbali wapi, Bibi? Kasema mwenyewe ni saa moja! Mimi kwenda mtoni na kurudi ni zaidi ya hapo!"

Mjomba alicheka hadi akapaliwa. Bibi hakucheka.

"Kula mchuzi wako, wakili."

Niliula, wenye chumvi ya machozi yangu, nikiamini kwamba Bibi, ambaye hakuwahi kupanda ndege, hajui umbali ni nini.

Tulipotua, mla karanga wa kiti cha mbele aliinuka: msichana mdogo, kadi shingoni, akiongozwa na mhudumu. Kwenye mlango wa wanaowasili, mhudumu aliisoma ile kadi, akaita jina mara mbili. Mtoto aliikamata kwa mikono yote miwili, akizipekua nyuso za watu, na hakuiachia mpaka mwanamke mmoja alipoinua mkono kutoka nyuma kabisa.

Nilisimama pale na begi langu, watu wakinipita. Ndege ilikuwa imetumia saa moja. Zuhura, hata siku ile alipoketi mkekani akitafuna firigisi, alikuwa bado hajafika.