Pilipili ya Uani, Timbwani

Kazi ya kwanza niliyopewa nilipoajiriwa na idara ya kilimo ilikuwa kuonja maji. Nilifika kitaluni Kisauni asubuhi na mapema, nimevaa viatu vipya vinavyonibana, nikitarajia kukabidhiwa jembe. Mkuu wa Kitalu, mzee wa pale pale, mpole wa sauti lakini hana mchezo na mtu, akanipa kikombe cha bati akaniambia nizunguke visima vya majirani, nionje kila kimoja, nirudi nimwambie kipi kinafaa miche na kipi ni cha kufulia nguo tu. Nilidhani ananifanyia mzaha. Niliporudi nikamjibu kwamba yote ni maji.

"Mwanangu," akasema, "hapa kwetu bahari iko chini ya miguu yako. Ukiisahau, miche itakukumbusha."

Nikarudishwa visimani. Ilinichukua muda mrefu ulimi wangu kufunguka, maana mimi ni mtoto wa Mikindani, wazazi wangu walishuka kutoka bara, na nyumbani maji yalikuwa ya mfereji. Lakini ulipofunguka, jamani, nilishangaa. Kisima kimoja ni kitamu wakati wa masika, kiangazi kikikaza kinakuwa chumvi tupu. Kingine, hatua chache kando, hakibadiliki mwaka mzima. Hakuna anayeona kinachopita huko chini, ila mmea unajua. Na hakuna mmea unaojua upesi kama pilipili. Kitu kinachomliza mwanamume mzima mezani, chumvi kidogo tu inakitoa roho.

Vijana wanaokuja kwangu siku hizi huona kuotesha pilipili ni kutupa mbegu na kungoja. Sisi tulifunzwa kuatika, yaani kuzipanda mbegu kwanza kitaluni, kwa mistari, chini ya kivuli cha makuti. Mbegu ya pilipili haina haraka. Mchicha unaota, nyanya zinaota, yenyewe imenyamaza mpaka unakata tamaa, na Mkuu alikuwa mkali kweli kwa yeyote aliyechimbua udongo kuchungulia. Kisha asubuhi moja unaona shingo nyembamba imepinda, inajivuta kutoka ardhini na ganda la mbegu bado liko kichwani. Nimeiona shingo hiyo maisha yangu yote ya kazi na sijaizoea. Bado husimama nikashika kiuno nikamshukuru Mungu, na wenzangu walikuwa wakinicheka.

Miche ikipata majani sita hivi tulianza kuizoesha jua, kidogo kidogo, kila siku tukifunua makuti muda mrefu zaidi. Tulipandikiza jioni, kamwe si asubuhi, ili mche upate usiku mzima wa kupoa kabla ya kukutana na jua la Mombasa. Ukipandikiza asubuhi utauona umelala kifudifudi kufikia adhuhuri, na hapo usinilaumu.

Baadaye nilihamishiwa Changamwe, chini ya Msimamizi wa Bustani za Shule. Huyo alikuwa mtu wa bara, sauti yake inasikika mpaka barabara kuu, mpenda kamba na mistari iliyonyooka. Shule tulizopewa zilikuwa na viwanja vya mawe na udongo mgumu uliokanyagwa na malori. Nilimwambia hapa jembe haliingii. Akasema basi tusichimbe, tuinue. Huko ndiko nilikojifunza matuta ya kuinua: unajenga kuta fupi za mawe au magogo, kama sanduku lisilo na kitako, unajaza ndani udongo mzuri, samadi iliyooza na mboji, yaani takataka za jikoni na majani yaliyokwisha kuwa udongo. Bustani inakaa juu ya ardhi badala ya kuzama ndani yake. Tulicheka sana mwanzoni. Walimu walidhani tunajenga makaburi. Zilipotoka biringani kwenye uwanja uliokuwa wa mpira, hakuna aliyecheka tena.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Likoni, kutembelea nyumba kwa nyumba na kufundisha bustani za uani. Afisa wangu huko alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa, msomi, mwenye adabu kuliko wakuu wote niliopitia. Watu wakaniita Bi Shamba, hata watoto wadogo. Na huko Timbwani ndiko nilikokutana na Bi Rukia na mamake, Bi Zubeda.

Nyumba yao ni ya ukoo wa zamani, ya uani mpana. Bi Rukia hupika achari za kuuza, na achari zao zilijulikana kwa pilipili moja waliyoilima wenyewe uani tangu kwa bibi zake. Ni pilipili mbuzi, ndogo, ya manjano, imekunjamana, na harufu yake hata leo sijui niielezeje. Siku nilipoitwa, mti wa mwisho ulikuwa umekauka. Kisima cha uani kilikuwa kimegeuka chumvi, na mtu wa nyumba hakugundua kwa sababu maji ya kunywa walinunua kwa mikokoteni.

Lakini Bi Rukia hakuniita kwa sababu ya achari. Alinichukua chumbani kwa mamake. Bi Zubeda alikuwa ametoka katika homa kali, homa ikaondoka na ladha yote ya chakula. Wali, samaki, asali, kwake kila kitu kilikuwa kimoja. Daktari alisema tumbo halina ubaya, ale tu, lakini utamlishaje mtu ambaye kila tonge kwake ni adhabu? Alikuwa anakunywa vijiko vichache vya uji kwa kumhurumia bintiye, basi. Mifupa ya mabega ilikuwa imetokeza chini ya kanga. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba kwa heshima zake zote, akanikaribisha kitako kama niliyekuja harusini.

"Mwanangu, mato yaona na masikio yasikia," akaniambia. "Kinwa ndicho kilichokufa. Nalikuwa nataka niisikie pilipili ya uwani mara moja, kisha Mola anitwae akipenda."

Bi Rukia alikuwa amekwisha kwenda Kongowea kumletea kila pilipili iliyoshuka kwenye malori. Mamake alionja, akatema. Yawasha bure, alisema, haina kitu. Basi nikaelewa kwamba siombwi bustani hapa. Mwanamke huyu alikuwa ananiomba mamake, na pilipili kutoka mbegu mpaka tunda ni miezi.

Mbegu zilikuwepo. Juu ya meko kulikuwa na pilipili chache kavu zilizotungwa uzi, zimeshika moshi. Nilimwambia afisa wangu kwamba sina hakika kama zitaota, na kwamba nataka kujenga matuta matatu ya vimo tofauti, tuone chumvi itaishia wapi. Wazo langu lilikuwa jepesi: ardhi ile ina chumvi inayopanda kutoka chini, mvua ndiyo inayoisukuma kurudi. Tukiinua mizizi juu vya kutosha, pengine chumvi haitaifikia.

"Jaribu, Bi Shamba," akasema. "Ikiharibika nitasema nilikutuma mimi."

Tukajenga kwa mawe ya matumbawe yaliyobaki ukuta ulipobomolewa. La kwanza lilifika kwenye kifundo cha mguu, la pili gotini, la tatu karibu na kiuno. Niliatika mbegu kwenye makopo. Nyingi zilikufa humo humo. Zilizotoa shingo zingetosha kwenye viganja viwili, na nilipoziona nilikaa kitako chini nikazitazama, moshi wa miaka na bado uhai umo ndani. Miche ilipokomaa tukaipandikiza jioni, michache katika kila tuta, tukiinywesha maji ya mkokoteni.

Hapo ndipo majirani walipotaka kusaidia. Kila mtu wa pwani anajua kwamba makumbi ya nazi hushika unyevu, na kina mama wa mtaa walileta magunia ya makumbi laini, yaliyochambuka vizuri, wakatandaza kwenye matuta yote, kwa ruhusa ya Bi Rukia, siku ambayo mimi sikuwepo. Makumbi hayo yalitoka kwa wasuka kamba. Na makumbi ya kamba hufukiwa kwenye matope ya bahari mpaka yalainike. Niliporudi nikakuta kingo za majani zimeungua. Nikatia ukumbi mmoja mdomoni, nikautema. Kama kulamba ngalawa.

Bi Rukia hakuuliza habari za miche. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, nimemuua mamangu?"

Nilimjibu kwamba hajamuua mtu, na moyoni sikuwa na hakika hata kidogo. Tukaondoa makumbi yote kwa mikono, tukamwaga maji matamu mpaka mikokoteni ikaisha mtaani. Kisha masika yakapiga. Ilinyesha mvua ile ya kuangusha kuta. Ilipotulia, tuta la chini lilikuwa tupu. La katikati mche mmoja ulisimama, ukanyauka jua lilipotoka. Kwenye tuta la juu kabisa, mitatu iliyokuwa imebaki vijiti vitupu ilichipua majani mapya kutoka kwenye vifundo. Nimesomea kazi hii, naweza kuwaeleza kwamba maji yalishuka na chumvi yakaiteremsha chini ya mizizi. Maelezo ni sahihi. Lakini nilipoyaona majani yale nilisema "Ee Mola" kwa sauti, na Bi Zubeda akaniitikia kutoka dirishani, "Amin."

Kuanzia hapo nilimpa kazi. Maua ya pilipili hupukutika joto likizidi, na uani hapapiti nyuki wa kutosha, kwa hiyo inafaa kuyatikisa taratibu asubuhi ili vumbi la ua lishike. Tuta la kiuno halimhitaji mtu kuinama. Bi Zubeda akawekewa kiti, akawa anagonga ua moja moja kwa ukucha, akilinusa, akitikisa kichwa kwamba hasikii kitu, akienda kwa lingine. Sikuwahi kuona mtu mwenye subira namna ile, na nimefanya kazi na miche.

Matunda yakiwa bado mabichi, nilistaafu. Ofisini walinipa leso na saa ya ukutani, afisa wangu akahutubia mpaka akalia. Kesho yake nikavuka feri kwenda Likoni kama kawaida. Pilipili hazikuwa na habari ya kustaafu kwangu. Watu huniuliza ninafanya nini siku hizi, nami huwaambia kwamba kazi hii haina mlango wa kutokea. Kwangu Mikindani nina matuta, nina wageni wenye miche mikononi, na bado sijajua nusu ya yanayopita chini ya udongo. Zamani hilo lilikuwa linaniudhi. Sasa linanifurahisha sana.

Siku tunda la kwanza lilipoiva, Bi Zubeda alikuwa amelala chumbani baada ya sala ya alasiri. Bi Rukia alinishika mkono. Aliogopa. Alisema mamake akiionja hii na asiisikie, uji pia ataukataa. Tukakubaliana tuikate kwanza jikoni, kimya kimya, tuionje wenyewe, kisha tujue tutamwambia nini. Tulitembea kwa ncha za vidole. Mlango wa chumba ulikuwa ng'ambo ya uani, pazia limeshushwa. Akaiweka juu ya kibao, akasema bismillahi kwa midomo tu, akaipasua kwa kisu, na ile harufu ikafumuka.

Tukiwa bado tumeinama pale, sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Rukia. Hiyo pilipili ikateni nyembamba, musiitie yote. Na huo wali, uko?"