Chenga Aliishi Miaka Kumi na Saba

Harufu ya vichwa vya perege vikichemka pamoja na chenga za mchele hunisimamisha popote inaponikuta. Majuzi ilinikuta kwenye foleni ya mashine ya kukoboa hapa Ifakara, ikitoka jiko la nyumba ya pili, nami nikasahau zamu yangu hadi mama mmoja akanisukuma kwa kiwiko. Wenzangu harufu za jikoni huwakumbusha mapishi ya mama zao. Mimi, msinicheke, hunikumbusha chakula cha paka.

Kwetu tulikuwa wakulima wa mpunga, na magunia yalikaa ndani, kwenye chumba ambacho nyumba nyingine wangekifanya sebule. Palipo na mpunga pana panya, na palipo na panya lazima pawe na paka. Mkuu wa mambo hayo alikuwa Bibi, mama yake baba, aliyeshuka kutoka Mahenge akiwa binti na kuolewa huku bondeni. Sheria yake ilikuwa moja tu: paka halishwi. "Ukimpa ugali, panya atamtaka wa nini?" alisema, na mtaa mzima ulisema hivyo hivyo. Paka aliingia nyumbani kama kibarua, na mshahara wake ulikuwa unakimbia ukutani, akaukamate mwenyewe.

Matokeo yake paka wetu hawakudumu. Kila masika baba na mama walihamia shambani ng'ambo ya mto, mimi na Bibi tukabaki mjini kwa sababu ya shule. Huo ndio wakati panya walipozidi, na majirani wakatega sumu. Panya aliyekula sumu hukamatika kwa urahisi, na paka mwenye njaa hachagui. Bibi aliwazika nyuma ya choo bila maneno mengi, na wiki haikuisha kabla hajaletwa mwingine. Wote waliitwa Nyau. Watu husema paka ana roho saba, lakini wa kwetu walizimaliza zote katika masika moja. Nilidhani ndivyo Mungu alivyowapangia, kwamba umri wa paka ni kama wa kuku, ukizidi mwaka ni bahati.

Huyu ninayemzungumzia alikuja wiki niliyopokea Komunyo ya Kwanza. Aliletwa na Mama Nkwimba, Msukuma aliyetuuzia maziwa kwa baiskeli kila asubuhi, ndani ya kikapu kilichofunikwa kitenge. Alikuwa dume mdogo mweupe mwenye madoa ya kahawia, sawasawa na chenga zinazobaki kwenye ungo baada ya kupepeta. Nikamwita Chenga. Bibi akamwita Nyau, kama kawaida.

Bibi na Mama Nkwimba hawakuwa na mapenzi makubwa. Bibi alinunua maziwa yake, lakini hakusahau kwamba ng'ombe wa watu fulani waliwahi kuingia kwenye mpunga wetu ukiwa unachanua, na kwake Wasukuma wote walikuwa na hisa katika ng'ombe hao. Basi Mama Nkwimba alipouliza kitoto kile kitakula nini, Bibi alijibu kwa mkato kwamba kitakula panya.

"Mh, Bibi," akasema Mama Nkwimba akipima maziwa. "Mimi ng'ombe nisipomlisha, ananipa nini? Na huyu msipomlisha ninyi, atalishwa na jirani. Na jirani mnajua anachopika."

Bibi akaingiza maziwa yake ndani, ila mimi nilisikia. Na ilipofika Kwaresima, nyumba nzima tukila samaki kila Ijumaa na hata siku zisizo Ijumaa, vichwa vya perege vilikuwa vingi kuliko midomo. Nikaanza kuviiba. Nilivichemsha na chenga mchana Bibi akiwa kwenye sala za jumuiya, nikavipoza kwa kupepea na daftari la hesabu, nikamlisha Chenga nyuma ya magunia. Nilikuwa mwizi mwenye furaha sana. Chenga alinenepa, manyoya yakang'aa, na Bibi akawa anamsifu mbele za watu: "Tazameni, huyu anajua kazi, hata mkono wangu hajautegemea." Nilitazama pembeni ili nisicheke.

Tena kazi aliifanya kweli. Kila asubuhi panya walilazwa mlangoni, wamekufa, hawajaliwa hata sikio. Bibi alishangaa paka gani huyu anayewinda asile.

Halafu nikafanya kosa. Jumamosi moja mama alinichukua shambani kuamia ndege, maana mpunga ulikuwa umeanza kukomaa na kwelea walikuwa wakishuka kwa makundi. Siku mbili nilipiga debe na kupiga kelele hadi sauti ikakauka. Sikumwambia mtu yeyote kwamba kuna anayenitegemea mjini. Ningesemaje, wakati wizi wenyewe ulikuwa siri?

Niliporudi Jumatatu nilimkuta Chenga amelala kwenye kizingiti, mate yanamtoka, miguu inatetemeka. Pembeni yake palikuwa na mkia wa panya. Siku mbili hakula, akaenda kwa jirani, akakuta mezani kumeandaliwa.

Nililia kwa sauti iliyomtoa Bibi jikoni, na katika kulia nikakiri yote: vichwa vya perege, chenga, daftari, Kwaresima nzima. Nilisubiri kofi. Bibi alisimama akimtazama paka, akanitazama mimi, kisha akavua khanga yake ya juu.

"Hukuniambia," alisema. "Ungeniambia, ningempa."

Hadi leo sina hakika kama angempa. Lakini alimkunja Chenga ndani ya khanga ile, akatoka. Nilimkimbilia nyuma. Bibi yangu, ambaye miguu ilimuuma hata kwenda kanisani, alitembea hadi kwa bwana mifugo bila kupumzika. Pale palikuwa na watu wenye mbuzi na ndama, na Mama Nkwimba mmoja wao, na walipoona mzee ameleta paka, wengine wakacheka waziwazi.

"Bibi, paka si wapo tu? Chukua mwingine!" alisema mwanamume mmoja.

"Na wewe mkeo akikuona unaumwa achukue mwingine?" Bibi akamjibu, na kicheko kikahamia upande wetu. Mama Nkwimba hakucheka. Alimtoa ndama wake kwenye foleni, akamsukuma Bibi mbele.

Bwana mifugo alikuwa kijana mpole. Alimwamkia Bibi, akamchoma Chenga sindano, akasema tumewahi, tumweke mahali penye giza na joto. Kisha akatueleza mambo ambayo sikuwahi kuyasikia: kwamba paka anayetunzwa anaweza kufika miaka kumi na tano na zaidi, kwamba alishwe kila siku, awekewe maji safi, achanjwe, na ahasiwe ili aache kuzurura na kupigana. Bibi alikohoa aliposikia hilo la mwisho. "Mnamtaka aishi kama padre," alisema. Lakini alikubali.

Siku tuliyomrudisha kwa chanjo, kijana yule alitoa kadi, akauliza jina la mnyama. Nilifungua mdomo, lakini Bibi alinitangulia.

"Andika Chenga."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina hilo kinywani mwake. Kalamu ikaandika jina, ikaandika rangi, na mahali pa umri kijana akaandika miezi kumi kwa penseli, ili ifutike na kubadilishwa mwaka kwa mwaka.

Tangu siku hiyo Bibi aliigeuza sheria yake kichwa chini miguu juu, na akaitetea kana kwamba hakuwahi kuwa na nyingine. Aliingia nyumba za majirani mmoja mmoja, akiwaambia waache sumu na badala yake Chenga aje alale kwenye mpunga wao kwa zamu. Walimwona amezeeka vibaya. Walipowaona panya wamelazwa mlangoni, wakaja wenyewe kuuliza kesho zamu ya nani. Mtaani kwetu paka wakaanza kuzeeka, jambo ambalo wengi hawakuwa wamelishuhudia. Natembea kifua mbele nikilisema hili, na sioni haya: lilianzia nyuma ya magunia yetu.

Mimi nilimaliza shule ya msingi, nikamaliza sekondari, nikaenda chuo Morogoro. Nilipopiga simu nyumbani, Bibi alinipa habari za Chenga kwanza, za watu baadaye. Meno yalipomwisha, Bibi, ambaye yake yalikuwa yameisha zamani, alimpondea samaki kwa vidole. "Tunakula chakula kimoja sasa," aliniambia, "ila mimi naongeza chumvi."

Bibi alitutoka wakati Chenga akiwa na miaka kumi na sita. Baada ya matanga mama alinipa kasanduku kake ka bati nipange vilivyomo. Rozari, picha moja, na mfuko wa nailoni uliokunjwa vizuri. Ndani ya mfuko palikuwa na cheti cha ubatizo cha baba, na juu yake kadi ya chanjo ya paka. Nikacheka, nikamwonyesha mama. Mama hakucheka.

"Kabla ya baba yako walizaliwa watatu," alisema. "Hakuna aliyefikisha mwaka. Wawili wa mwisho aliwaita Kadogo tu. Aliniambia baada ya yule wa kwanza aliogopa kutoa jina."

Nilikaa chini na kadi ile mkononi. Miaka yote nilidhani Bibi aliwaita paka wake Nyau kwa sababu hakuwajali. Nilijivunia kwamba mimi, mtoto, ndiye niliyemfundisha kupenda. Kumbe alijua kupenda kabla yangu, na alijua pia gharama yake, na siku ile mbele ya kijana mwenye kalamu alikubali kuilipa tena.

Chenga aliishi mwaka mmoja zaidi. Alifia usingizini, juani, juu ya gunia tupu, na sikumzika nyuma ya choo. Nilimzika mbele ya nyumba, wanapopita watu. Kisha nikaitoa kadi. Mahali pa umri palikuwa pamefutwa na kuandikwa mara nyingi hadi karatasi imekuwa nyembamba. Nikaandika kwa wino, taratibu nisiitoboe, miaka kumi na saba. Nikairudisha alipoiweka Bibi, juu ya cheti cha baba.