Kashaija Apumzisha Mkono

Kashaija wa Ndama alikuwa na ng'ombe wanane, binti watatu na kiburi cha mtu mwenye ng'ombe mia. Tangu ujana alikamua mwenyewe asubuhi na jioni, kyanzi, kile chombo cha mti, akikibana kwa magoti. Mwaka 1954 kidole gumba cha kulia na viwili vinavyokifuata vikaanza kufa ganzi. Akasingizia baridi. Siku moja kyanzi kikamponyoka, maziwa yote yakamwagika mbele ya kaka yake Rugemalira.

"Nitawachukua mimi hawa ng'ombe," alisema Rugemalira. "Au watakukamulia wanawake?"

Kwao mwanamke kukamua ulikuwa mwiko. Eti ng'ombe wangekauka maziwa. Kashaija akakimbilia kwa mganga kuchanjwa begani. Bega likapata makovu, vidole vikabaki vilevile.

Akaishia zahanati, ambako Protase, dresa aliyetibu wagonjwa hapo, alimkunja kifundo cha mkono na kukiacha hivyo kitambo. Ganzi ikazidi.

"Mzee, mshipa wa fahamu umebanwa hapa. Ukilala, funga kibao hiki mkono unyooke. Na usikamue miezi miwili."

"Miezi miwili! Si uniambie nife tu."

"Ukiendelea, hutafunga hata kifungo cha shati."

Alirudi nyumbani amenuna. Ng'ombe wakienda kwa Rugemalira, alijua hawatarudi. Asubuhi akamkabidhi mkewe Kemigisha kyanzi, na aibu aliyoiona haina mfano.

"Baba Jovitha, watu watasema nini?"

"Waseme. Nitakaa hapa nikuelekeze."

Hakukuwa na la kuelekeza. Kemigisha alimwachia ndama anyonye kidogo, akamwondoa, akakamua mpaka povu likafura. Miaka kumi na mitano ya kutazama haikupita bure. Majirani waliokuja kushuhudia ng'ombe wakikauka waliondoka wameshiba maziwa.

Miezi miwili ilipotimia, Kashaija alichuchumaa ubavuni mwa Bihogo, ng'ombe wake mwekundu, akashika chuchu. Akalisikia joto lake mpaka kwenye ncha ya kidole gumba. Alilia kwa furaha, wala hakujificha.

"Basi umepona," alisema Rugemalira, ambaye siku hizo hakukosa kupita. "Mwambie mkeo aache kutuaibisha."

Kashaija alikamua ng'ombe wanne. Kisha akanyanyuka, akamwita mkewe na kumpa kyanzi.

"Wanne waliobaki ni wako," alimwambia, kaka yake akisikia. "Na sisemi kukamua tu."