Mashimo Matatu na Mchanga Mbichi

Niliishia darasa la nne, na sioni haya kulisema. Mizani nilifundishwa na pamba. Nilipima magunia miaka mingi kwenye kituo cha kununulia pamba Misungwi, mpaka wanunuzi binafsi walipoingia na kituo chetu kikafungwa. Nikaja mjini na mke na watoto watano. Kazi niliipata Nyegezi, mkandarasi alipokuwa anajenga ghala, kwa sababu mpima udongo wake alitaka msaidizi anayesoma mizani bila kubahatisha.

Mpima udongo mwenyewe alikuwa mwanamke wa Mara, binti wa wavuvi, mdogo kwangu sana. Kila asubuhi aliniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, halafu akanituma vizuri tu. Alinionyesha kazi mara mbili, ya tatu nikaifanya mwenyewe. Kifusi kikishashindiliwa, unachimba shimo la ukubwa wa bakuli na kupima uzito wa udongo uliotoka. Kisha unalijaza shimo mchanga mkavu uliochekechwa. Uzito wa mchanga ulioingia ndio unaokuambia shimo lina ukubwa gani, na hapo unajua udongo umekaza au umelegea. Sharti lake lilikuwa moja: kila asubuhi mchanga ukaangwe kwenye karai juu ya jiko la mkaa, hata kama jana ulikaangwa.

Siku moja alikwenda Buhongwa kuangalia machimbo ya kifusi, akaniachia kazi peke yangu kwa mara ya kwanza. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, mkaa umelowa, malori yamepanga foleni. Msimamizi wa mkandarasi ananipigia kelele. Nikajisemea mchanga ulikuwa kwenye gunia, ndani ya stoo, utakuwa na nini? Sikukaanga. Nikapima mashimo matatu. Yote yakapita, tena kwa kishindo.

"Mzee wa pamba, leo umeamka na mkono mzuri!" msimamizi akanisifu, akaruhusu malori yamwage tabaka la pili.

Nilikuwa narudisha mchanga kwenye gunia nilipoufumbata. Ukabaki umeshikana kiganjani. Mimi, niliyekuwa nikimkamata mkulima aliyemwagia pamba maji ili gunia liwe zito! Mchanga mbichi haushuki vizuri, unaacha uwazi shimoni. Unaingia kidogo, shimo linaonekana dogo, udongo unaonekana umekaza kuliko ulivyo. Nilikuwa nimepitisha uongo.

Nikamkimbilia msimamizi. "Simamisha malori. Nimekosea mimi."

"Majibu si yametoka? Yamependeza. Yaache yapendeze."

"Mchanga ulikuwa mbichi."

"Mzee, una watoto wangapi?"

Nilimwelewa. Nikaenda kusimama katikati ya kile kifusi, mbele ya lori la kwanza. Dereva akapiga honi. "Toka hapo, mzee, utageuka msingi!" Vibarua wakacheka. Sikutoka mpaka yule binti aliporudi kutoka Buhongwa.

Nikamweleza. Akaushika mchanga, akaunusa, kisha akanipiga utani wa makabila yetu, wao wavuvi na sisi wafugaji.

"Baba, ninyi watu wa ng'ombe! Kukaanga mchanga tu kumewashinda?"

"Kumenishinda leo, mama."

"Washa jiko."

Tukakaanga, tukapima upya pembeni mwa yale mashimo. Mawili kati ya matatu hayakupita. Tabaka likachimbuliwa, likamwagiwa maji, likashindiliwa tena. Siku nzima ikapotea, na mkandarasi mwenyewe akaja akiwa amefura. Akanielekeza lango kwa kidole.

Yule binti hakupandisha sauti. "Mfukuze, bosi. Ila utakayemleta, siku akikosea atanyamaza. Mimi kazi ya mtu huyo sitaitia saini."

Mkandarasi akamtazama, akanitazama mimi na suruali yangu yenye tope. "Jumatatu uje," akasema, akaingia kwenye gari lake.

Nilikwenda Jumatatu, na Jumatatu nyingi baada ya hiyo. Saa ya chakula yule binti alinifundisha hesabu za desimali, akinigombeza kama mtoto wake, na mimi nikikubali kugombezwa. Baadaye nilipima udongo wa majengo mengi ya mji huu, na wenye vyeti vyao walinisubiri niwape majibu.

Watu wakiniuliza, huwa nawaambia maisha haya nimejitafutia mwenyewe. Ni kweli, na sirudi nyuma. Lakini ile Jumatatu sikujitafutia. Nilitetewa, na namshukuru huyo binti mpaka leo.